Sir wa Mwisho wa Harnby

Mkongojo ulikuwa umelazwa vizuri mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Winifred Garside tangu alipofika ukingoni mwa bwawa la kinu, asubuhi ile ya Oktoba mwaka 1978, ukungu wa Yorkshire ukiwa bado umeng'ang'ania juu ya maji. Mtu anayeteleza akatumbukia bwawani huiachia fimbo yake vyovyote itakavyoangukia. Huu ulikuwa umelala sambamba na maji, kichwa chake cha fedha kikielekea kijijini, kama kisu kilichopangwa mezani na mtumishi mwenye adabu.

"Nani aliuona kwanza?" aliuliza.

"Mimi." Jocelyn Varley alijitokeza, mwanamume mrefu wa makamo aliyevaa koti la sufi lenye viraka vya ngozi viwikoni. "Nilipopata habari kwamba Honor hayupo nyumbani, nilikuja huku moja kwa moja. Huja kulisha bata. Sikuugusa, Inspekta. Niliuacha kama nilivyoukuta."

"Una hakika ni wa kwake?"

"Huo mkongojo ulikuwa wa baba yake, Sir Everard. Binamu yangu hatoki nje bila huo."

Garside alichuchumaa, magoti yakimlalamikia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nyasi zilikuwa zimelala kwa uzito wa maji, na soli za viatu vyake tayari zilikuwa zimelowa chapachapa. Akaunyanyua mkongojo kwa mkono wenye glavu. Upande wa chini ulikuwa na unyevu wa nyasi. Upande wa juu ulikuwa mkavu. Akabonyeza kitanzi cha ngozi kilichofungwa chini ya kile kichwa cha fedha, akakibonyeza tena. Kikavu kabisa, kigumu, bila hata tone.

"Labda mti uliukinga, Afande," alisema Konstebo Sugden, polisi wa kijiji, jitu la miraba minne lenye sauti ya upole.

"Mti upi, Sugden?"

Sugden akatazama juu. Palikuwa na anga tu.

Garside aliutia mkongojo ndani ya mfuko, akasimama kumtazama mpiga mbizi aliyekuwa akizama na kuibuka katikati ya bwawa, akitikisa kichwa kila anapotokeza. Mkongojo ule haukuwa hapo wakati mvua inanyesha. Mtu aliuleta asubuhi. Na kama aliuleta mtu, basi huenda Honor Dunthorne hajawahi kufika kwenye maji haya.

"Mnapoteza muda hapa," alisema Varley. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Mnamjua mnayemtaka. Yule kijana wa Hull, Tobias Fenner, anayejiita mwana wa Hugh, kaka marehemu wa Honor. Tangu Agosti anamzungukazunguka mwanamke mzee kama nzi. Gari lake lilionekana hapa jana alasiri."

"Lilionekana kweli, Afande," Sugden aliunga mkono. "Dogo, la kijani. Nimekwisha tuma watu Hull wamlete."

"Wakimfikisha, mweke kituoni mpaka nije. Bwana Varley, nionyeshe nyumba ya binamu yako."

*

Harnby Hall yenyewe, jumba la ukoo, ilikwisha uzwa zamani, sasa ilikuwa shule. Honor Dunthorne aliishi kwenye nyumba ya lango, ya mawe meusi, amezungukwa na picha za mababu ambazo hazikuwa na pengine pa kwenda. Mbwa wake mdogo, Juno, aliwapokea kwa kubweka na kutikisa mkia kwa pamoja, kama asiyejua aanze na lipi.

Jirani aliyeleta maziwa asubuhi ndiye aliyegundua kwamba kitanda hakikulaliwa. Garside alianzia jikoni. Juu ya meza palikuwa na vikombe viwili vya kaure, sahani mbili, na mikate midogo ya zabibu kavu iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Birika lilikuwa limejazwa maji, halijawashiwa moto. Bakuli la mbwa lilikuwa na maji kidogo tu, ya kumtosha mbwa anayeachwa kwa saa chache.

"Alikuwa anamngoja mgeni wa chai," alisema Garside. "Na alitoka akijua atarudi kabla ya huyo mgeni."

"Huyo huyo Fenner," alisema Varley. "Si unaona?"

Garside aliona jambo lingine. Kwenye meza ya pembeni palikuwa na karatasi nyeupe ya kubandika ukutani, imeviringishwa, na mkasi juu yake. Kipande kirefu kilikuwa kimekatwa. Hakuna ukuta wa nyumba hiyo uliokuwa ukibandikwa karatasi. Kando ya mkasi palikuwa na kopo tupu la nta nyeusi ya viatu, ile ngumu ya vipande. Akatoka ukumbini, akavihesabu kwa macho viatu vilivyopangwa chini ya makoti. Vyote vya kahawia, na vyote vilikuwa na tope la wiki nzima.

Akiwa msichana wa shule, Garside naye aliwahi kuchafua mikono kwa nta kama hiyo, kama watoto wote wa rika lake. Unaweka karatasi juu ya bamba la shaba lililochongwa kaburini, unasugua kwa nta nyeusi, na sura ya marehemu inatokeza pole pole, na upanga wake na mbwa wake miguuni.

"Sugden," aliita kwa redio, "kanisa la kijiji jana alasiri. Kulikuwa na watu?"

"Tele, Afande. Kina mama walikuwa wanapamba kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Niliwauliza wote, Bi Honor hakutia mguu."

Basi si kwenye kanisa la kijiji. Garside alimgeukia Varley, aliyekuwa amesimama ukumbini chini ya picha, mikono nyuma, kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

"Nieleze juu ya hawa," alisema. "Mimi ni binti wa mfua chuma wa Sheffield, haya mambo ya vyeo yananipita kushoto."

Hapo Varley akachangamka. Damu ilimrudi usoni.

"Dunthorne walikuwa na vyeo vitatu, Inspekta. Vitatu! Kwanza ulodi. Huyu hapa mwenye wigi ndiye Lodi wa mwisho, alizaa mabinti watupu, cheo kikaingia naye kaburini mwaka 1782. Likabaki tawi la Skelbeck, lenye cheo cha Sir cha kurithi, baba kwa mwana. Sir Ambrose, huyu mwenye pua, alianguka farasi mwaka 1891 hajaoa. Kwisha. Na tawi la tatu ndilo hili la Harnby, nao masir wa kurithi. Baada ya Sir Everard akaja Hugh, kaka yake Honor. Alikuwa Sir kwa miaka miwili tu. Normandy, Julai 1944. Kwisha."

"Na wewe?"

Varley akakohoa. "Mama yangu alikuwa Dunthorne. Cheo hakipiti kwa mama. Lakini mtu lazima awe mkuu wa ukoo, aitwe Sir asiitwe. Nimeandika historia yao. Natunza makaburi yao. Pale Skelbeck nyumba ilibomolewa, kilichobaki ni kikanisa chao cha mazishi juu ya kilima. Ndani kuna dari ya buluu yenye nyota za dhahabu, hujapata kuona! Sasa plasta inamomonyoka, inaanguka sakafuni kama theluji ya buluu. Inaniuma moyo."

"Kiko wazi kwa watu?"

"La hasha. Ufunguo ninao mimi. Sijakifungua tangu Pasaka."

"Na Fenner akithibitishwa kuwa mwana wa Hugh?"

"Atakuwa Sir Tobias," alisema Varley, na lile neno la mwisho alilitema kama kijiwe kwenye wali. "Fundi wa mashine za meli! Anakunywa chai huku kijiko kimo kikombeni! Na Honor angempa kila kitu, nyumba, picha, makaburi, kila kitu."

"Angempa?"

"Anampa. Angempa. Unajua ninachomaanisha."

Garside alifunga mfuko wa koti lake, akamwambia asitoke kijijini.

*

Kituo cha polisi cha Harnby kilikuwa chumba kimoja kilichoshikizwa kwenye nyumba ya Sugden, na harufu ya bekoni ya mke wake ilipenya ukutani. Tobias Fenner alikuwa amekaa, mikono yake mipana imelala mezani. Miaka thelathini na minne, nywele nyekundu, macho yenye usingizi wa kukosa kulala.

"Mmempata?" aliuliza kabla Garside hajaketi.

"Bado. Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Hull. Kazini."

"Msimamizi wako anasema uliomba ruhusa siku nzima. Na gari lako limeonekana hapa."

Fenner alijitazama vidole.

"Bwana Fenner, kuna mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye hajulikani alipo, na nje kulikuwa na mvua na baridi. Unaponidanganya hunikomoi mimi, unamkomoa yeye."

"Nilikwenda York," alisema hatimaye. "Kwa wakili. Mtu anayejua sheria za vyeo."

"Kudai cheo."

"Kuuliza! Kuuliza tu." Akanyanyua uso. "Bi Honor alikuwa akiniuliza kila nikija, 'Tobias, mama yako aliolewa lini hasa?' Nami nikawa namkwepa. Nikaona bora nijue kwanza. Basi nikaenda, na wakili akaniuliza swali hilo hilo, nikamjibu."

"Ukamjibu nini?"

Masikio ya Fenner yaliwaka. "Haya mambo sitaki yazagae kijijini."

"Yatabaki hapa."

"Mimi nilizaliwa Januari. Walioana Aprili, Hugh alipopata likizo ya vita. Mama aliniambia alinibeba mkononi mbele ya msajili, nami nililia mwanzo hadi mwisho." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Wakili akasema kwa sheria za kawaida mimi ni mwana halali, kwa vile waliooana ndio waliozaa. Lakini cheo cha kurithi hakitambui hilo. Lazima ndoa itangulie mtoto. Kwa hiyo mimi si Sir, na sitakuwa. Cheo cha Harnby kilikufa Normandy na baba yangu, kama ambavyo wamekuwa wakisema siku zote."

Garside aliegemea kiti. "Ukatoka hapo ukaja Harnby."

"Alikuwa amenikaribisha chai. Njiani nzima nilikuwa najipanga nitamwambiaje. Mama yangu hakuwa mtu wa ovyo, Inspekta. Amefua nguo za watu miaka na miaka, hakuwahi kumwomba mtu wa Harnby hata kipande cha sabuni. Sikutaka amwone kama..." Hakumaliza. "Nikabisha hodi. Mbwa akabweka, hakuna aliyefungua. Nikabisha tena. Nikajua ameshasikia kutoka kwa mtu, hanitaki tena. Nikaondoka. Hiyo ndiyo aibu yangu yote. Ningezunguka nyuma nikachungulia dirishani, labda..."

"Alikwisha toka," alisema Garside. "Vikombe vilikuwa mezani vinakungoja. Vyote viwili."

Fenner alifunika uso kwa viganja.

Sugden, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, alijikohoza na kujishughulisha. Akauchukua ule mkongojo uliokuwa juu ya kabati ndani ya mfuko wake, akaugeuza ili auweke vizuri. Kitu kikamwagika ndani ya mfuko, kutoka kwenye mpira wa chini wa mkongojo.

"Tope la bwawani," alisema.

"Tope la hapa ni jeusi kama makaa," alisema Garside. "Lete."

Akaumwaga ule unga kwenye karatasi nyeupe, akaona haufai, akachukua karatasi ya kahawia. Chokaa. Chokaa kavu, iliyoshindiliwa ndani ya mifereji ya mpira kwa kukanyagwa. Na ndani yake vichembe vidogo vilivyong'aa: buluu, buluu, buluu, na kimoja cha rangi ya dhahabu.

Garside alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Sugden, kamchukue Varley umlete kule Skelbeck. Pamoja na ufunguo. Akikataa, mbebe. Na mwambie yule mpiga mbizi atoke majini, apate supu."

"Na mimi?" aliuliza Fenner.

"Wewe mtu aliyetoka York akijua hana cheo cha kupata, utamdhuru ili upate nini? Una vifaa garini?"

"Sanduku zima."

"Twende."

*

Kikanisa cha Skelbeck kilijificha nyuma ya misonobari, juu ya kilima ambacho upepo haukukipa nafasi ya kupumua. Njia ilikuwa imemezwa na magugu ya kuwasha, marefu hadi kifuani. Lakini katikati ya magugu palikuwa na ujia uliokanyagwa, mashina yamevunjika na bado yana utomvu. Mlango ulikuwa wa mwaloni, umepigwa misumari ya chuma. Garside aliingiza kidole kwenye tundu la kufuli, kikatoka na grisi mbichi.

"Tangu Pasaka," alisema, akakipangusa.

Fenner alikwisha anza kugonga kwa ngumi. "Bi Honor! Bi Honor, ni Tobias! Unanisikia?"

Kimya. Kunguru wawili walitoka mtini, basi.

"Bi Honor!"

Sugden alifika akimsukuma Varley mbele yake. Varley hakuwa na koti lake lenye viraka. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alipoona Fenner anagonga na mlango haumjibu, akasimama pale pale kwenye magugu, na kitu ndani yake kikaporomoka.

"Amekufa," alisema. "Acheni kugonga. Ameshakufa."

"Ufunguo," alisema Garside.

"Nilikusudia saa moja tu! Saa moja, atulie, afikiri!" Alikuwa analia kama mtoto, bila kujificha. "Alikuja kwangu jana mchana kuniomba nimfungulie, anataka kunakili lile bamba la shaba la Dunthorne wa kwanza, ampe huyu. Zawadi! Nikamwambia huyu ni tapeli. Akasema, 'Ni mwana wa Hugh, nimeona mikono yake, na nyumba nitampa.' Nikatoka, nikafunga. Mkongojo wake alikuwa amezunguka nao mle ndani, kisha akauegemeza mlangoni; nikashuka nao. Usiku nilirudi, naapa nilirudi! Niligonga, niliita. Hakujibu. Nikajua moyo umesimama. Nikaogopa kufungua."

"Kwa hiyo asubuhi ukaupeleka mkongojo bwawani," alisema Garside, "ili alaumiwe mwingine. Ufunguo, Bwana Varley."

Alitoa mfukoni ufunguo mrefu wa chuma, ukamponyoka. Fenner aliuokota kwenye magugu bila kujali kuwashwa. Ukaingia, ukagoma, ukazunguka.

Ndani kulikuwa na giza la kijivu na harufu ya chokaa. Mwanga wa mlangoni uliteleza juu ya makaburi ya mawe, juu ya masir wa mawe waliolala chali wakitazama dari iliyowamwagikia buluu. Aliyelala kifudifudi alikuwa malaika mmoja aliyeanguka kutoka ukutani. Garside aliwasha tochi, akapitisha mwanga sakafuni, kona moja, kona nyingine. Alijiandaa kwa kile ambacho kazi yake ilikuwa imemzoesha kukiona.

Kwenye benchi la mbele, mbele ya kaburi la Sir Ambrose mwenye pua, palikuwa na furushi. Kitambaa cha madhabahu cha rangi ya zambarau, na juu yake karatasi nyeupe iliyozungushwa mara nyingi kama kitoto kilichofungwa nepi, yenye picha nusu ya shujaa wa shaba. Juu kabisa ya furushi palikuwa na kofia ya sufi.

Fenner alipiga magoti. "Bi Honor," alinong'ona.

Kofia ikageuka. Macho mawili ya kijivu yakafumbuka, yakafinyika kwa sababu ya tochi.

"Ondoa hiyo taa," alisema Honor Dunthorne kwa sauti iliyokwaruza. "Unataka kunipofusha?"

Sugden, jitu zima, alishika nguzo na kusema neno ambalo halifai kanisani. Garside alishusha tochi.

"Bi Honor, tumegonga, tumeita. Kwa nini hukujibu?"

"Mnasema?" Mzee alitoa mkono mweusi wa nta kwenye furushi, akapapasa nyuma ya sikio, akabonyeza kifaa chake cha kusikia. Kikalia mluzi. "Nilikizima jana, kisiishiwe na betri. Na humu kulikuwa na nani wa kumsikiliza? Ambrose? Sasa semeni."

"Kulikuwa na Jocelyn," alisema Garside. "Alirudi akaita."

"Aliita?" Alifikiri kidogo. "Basi ana roho kuliko nilivyodhani. Ila kidogo sana. Yuko wapi?"

Varley alikuwa ameketi chini nje, katikati ya magugu, akicheka na kulia kwa wakati mmoja, akirudia, "Yuko hai, yuko hai, Mungu wangu, yuko hai." Sugden alimsimamisha, na Garside akamsomea maneno ya kumkamata kwa kosa la kumfungia mtu na kuupotosha upelelezi, neno kwa neno, bila kuinua sauti. Varley aliitikia kila kituo kwa kichwa, kama anayepokea kitu alichokuwa akikitamani.

"Mpeni koti," Honor alisema toka ndani. "Anatetemeka huyo. Kisha mpelekeni."

Garside aliita gari la wagonjwa kwa redio, akarudi kwenye kizingiti. Alitaka kuingia, akaona asiingie. Fenner alikuwa amevua sweta lake na kumvika mzee, na sasa alikuwa bado amepiga magoti, anasugua ile miguu myembamba iliyokufa ganzi.

"Jana nilikuja," alisema. "Nilibisha hodi, nikadhani hunitaki. Kuna jambo ninapaswa kukuambia. Nimetoka York. Mimi siwezi kuwa Sir. Walioana baada ya... mimi nilikwisha zaliwa. Miezi mitatu."

"Najua."

Mikono yake ikasimama. "Unajua?"

"Hugh aliniambia mwenyewe. Likizo ya mwisho, pale pale jikoni kwangu. Akasema, 'Honor, nimeoa, na tayari nina mtoto mwenye nywele kama karoti, nikirudi nitawaleta.' Hakurudi. Nikaenda Hull kuwatafuta, nikakuta mtaa mzima umelala chini kwa mabomu. Watu wakaniambia hakupona mtu. Nilikuomboleza wewe miaka thelathini na nne, kijana. Halafu Agosti unabisha hodi mlangoni, na kichwa chekundu. Nilikuuliza siku ya ndoa ili nione kama utanidanganya. Ulikwepa, lakini hukudanganya."

"Basi cheo kimekwisha kweli," alisema Fenner.

"Ashukuriwe Mungu! Kilimfanya baba yangu mkali, kikampeleka Hugh vitani mbele ya wenzake kwa sababu ati Sir hakai nyuma, na umeona kilivyomfanya Jocelyn, ambaye hata hakuwa nacho. Nimelala usiku mzima na masir sita humu ndani. Wametulia kabisa. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Garside alicheka kwa sauti, hakuweza kujizuia. Sugden naye chini kwenye ujia, bila kujua wanacheka nini, akacheka. Upepo ulikuwa umepasua ukungu, na huko bondeni paa za Harnby zilikuwa zinafuka moshi.

Fenner alimnyanyua mzee mikononi, na karatasi yake na kitambaa chake na vyote. Hakuwa mzito.

"Nikuite nani sasa?" aliuliza, akichungulia asije akamgonga kichwa mlangoni. "Bi Honor? Bi Dunthorne?"

"Mimi ni dada wa baba yako. Hull mnamwitaje dada wa baba?"

"Shangazi."

"Basi shangazi yako hajatia kitu mdomoni tangu jana," alisema Honor Dunthorne, akimkumbatia shingoni kwa mikono yake yenye nta. "Tembea."